Kuelea Mtoni na Nesi Cresensia

Jumatatu, 14 Machi 2011

Balaa. Nesi Cresensia kasema mbele ya watu, kwenye foleni ya maji, kwamba kisiwa kimemchosha na mwisho wa mwezi anaomba uhamisho arudi Iringa. Mwanamke anayemdunga mtoto sindano na mtoto akacheka! Mafia nzima hana mwenzake. Akiondoka, mimi Mwalimu Damian nitabaki kumtazama nani? Mchana kutwa nimewaza. Jioni nimepata mpango: nitampeleka kuelea mtoni, akipende kisiwa.

Jumatano, 16 Machi

Kazim wa duka la spea ameniazima tyubu mbili za lori. Nimemweleza: tunatoka Kilindoni asubuhi, tunakwenda upande wa Utende, tunaingia mtoni kule juu kwenye mikoko, maji yanatuteremsha taratibu hadi mdomoni mwa mto, Ghuba ya Chole. Pale pilau inasubiri. Kazim akauliza kama najua kuogelea. Nikamjibu kwamba anayeelea haogelei.

Cresensia amekubali. Bahati mbaya amemwalika na Sadock, bwana mifugo, ambaye humchekesha bila hata kujaribu. Nina dawa yake.

Ijumaa, 18 Machi

Dawa yenyewe: Sadock nimempa cheo. Mkuu wa Chakula. Atakaa mdomoni na sufuria yake, mbali nasi. Alikubali upesi mno, sikupenda. Halafu akashauri tusiingie majini mpaka alasiri ipite, eti tusubiri maji yaanze kupwa. Wivu huo. Kwetu Mbinga mto hausubiriwi, unateremka usiku na mchana. Tutaingia saa nane.

Jumamosi, 19 Machi

Tumeingia saa nane. Cresensia kakaa kwenye tyubu kama malkia. Mto ukatuchukua vizuri. Ukatuchukua kinyume. Nikapiga kasia kwa mikono, mto ukaongeza mwendo. Ukatupandisha mikokoni hadi ukaisha wenyewe, tukanasa kwenye mizizi. Nikamwambia Cresensia hapa ndipo pa kutazama ndege. Akatazama ndege. Baadaye maji yakaanza kushuka, nikashukuru. Yakashuka yote. Tukabaki juu ya tope.

Hapo ndipo nilipomjua huyu mwanamke. Kavua kandambili, kajifunga kanga kibwebwe, kaingia topeni hadi magotini huku anacheka mpaka machozi. Nilipozama kiunoni alinivuta kwa mkono mmoja. Njia nzima aliimba nyimbo za kwaya ya kwao. Sijaona mtu wa namna hiyo. Mimi nilibeba tyubu.

Sadock alikuwa ameitunza pilau ikiwa bado moto. Cresensia alimsimulia yote, akaniigiza nilivyozama, akala sahani mbili.

Jumapili, 20 Machi

Baada ya misa Cresensia ametangaza kwamba haombi uhamisho tena. Kisiwa chenye vituko hivi, ataondokaje? Mpango wangu umeshinda. Ni kweli alikuwa ameshikana mkono na Sadock wakati anasema, lakini hiyo ni kwa sababu barabara ina mashimo.

Safari ya pili ni Jumamosi, tarehe 2 Aprili. Mto sasa nimeuelewa: huu unapanda. Tutaanzia mdomoni, utupeleke mikokoni, na Sadock atakaa kule juu na sufuria yake. Amenisihi safari hii tuingie kabla ya alasiri, eti maji yakianza kupwa yatatutoa baharini. Wivu ule ule. Tutaingia saa kumi na moja jioni.