Kuhusu Kufukuzwa Kwangu Kundini kwa Kosa la Kusifia Mashavu

Kwa Mama Sanad, Msimamizi,
Kundi la Akina Mama wa Irbid.

Asalaam aleikum. Niwie radhi kwa kuchelewa kuandika. Ni wiki tatu tangu unitoe kundini, na kila nikishika simu mwanangu Wateen analia. Nikimbembeleza, nasinzia mimi kabla yake.

Sina ugomvi. Nina malalamiko tu.

1. Uliweka kundini picha ya mwanao Sanad, nami nikaandika, "Jamani mashavu! Huyu anakula nini?" Nilisahau mashallah. Nilikuwa naandika kwa kidole gumba, chupa mkono wa pili. Jioni Sanad akapata homa, na kabla hujampima joto ulishaandika, "Kuna jicho la husuda humu."

2. Kundi tuliambiwa ni la kuaminiana. Ndimo mama anayepata maziwa ya watoto wasiopatana na ya ng'ombe humwekea mwenzie kopo, maana madukani hayapo. Wateen hanywi mengine. Yanamletea vipele mwili mzima. Kopo langu la mwisho limefika chini. Basi hukunifukuza mimi, umemfukuza mtoto wa miezi mitano ambaye hajawahi kuandika neno.

3. Ili nirudi umedai kiapo, wadhamini wawili na picha ya mtoto, uso wazi. Dada yangu alipoposwa hatukudai hayo. Mama Ghaith alipojitokeza kunidhamini, ukampa onyo: "Na wewe tunakutazama, mpenzi."

4. Yule aliyetuuzia asali ya kuotesha meno, ikawa sukari na maji, bado yumo. Humalizia kila ujumbe kwa mashallah. Kumbe mwizi mwenye adabu ndiye mwaminifu!

5. Kama jicho langu lina nguvu hizo, mbona mama mkwe wangu, ninayemtazama kutwa, ni mzima wa afya? Watoto hupata homa, mama. Mambo ya jicho ni ujinga, na kundi la watu wazima haliongozwi kwa ujinga.

Nisalimie wasimamizi wote, hata aliyebonyeza kitufe. Sanad umbusu kwa niaba yangu. Mimi nitabaki mbali.

Ni mimi, mwenye jicho,
Mama Wateen

N.B. Picha uliyodai nilikutumia jana. Tangu uitazame, Wateen hajalala na chupa anaisukuma. Simtuhumu mtu. Naomba tu uniletee leo: makopo mawili ya maziwa yale, ushanga wa buluu wa kukinga jicho, ule mkubwa, na kipande cha nguo uliyovaa ulipoitazama picha, nikichome nimfukizie mwanangu.