Springi za Mama Zita

Redio ilipotangaza kwamba adui amevuka mpaka na kufika Mto Kagera, watu wa Nyamiaga wengine walilia, wengine wakanoa mapanga, na Xavery akaenda kulitazama gari la Mama Zita. Kila mtu na uzalendo wake.

Tusimseme vibaya kabla hatujamjua. Xavery alijiita fundi magari, na ni kweli alishafungua magari mengi. Kuyafunga ndiko kulikokuwa na mushkeli. Yeye mwenyewe alikuwa na Landrova nyuma ya nyumba, imekaa juu ya mawe mwaka wa nne, injini nzima, bodi nzima, ila springi zimelala chali. Pleti zake, vile vyuma virefu vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, zilikuwa zimenyooka kama rula badala ya kujikunja. Ukipakia debe moja tu la maharage, matairi yanasugua bodi. Kuku wa jirani walikuwa wakitagia kwenye kiti cha dereva.

Springi mpya angezipata wapi? Enzi zile hata sabuni ilikuwa ya foleni kwenye duka la ushirika, seuze springi. Tomasi, mhunzi wa Kasulo, angeweza kuzikunja upya motoni, lakini Tomasi alikuwa bado anamngoja mbuzi aliyeahidiwa na Xavery kwa kazi nyingine ya zamani. Basi jamaa akabaki kujigamba kwenye pombe ya rubisi: "Nikipata springi tu, mtanisikia Kahama." Hakuwa na tamaa nyingine duniani. Mke alikuwa amemkimbia, shamba yeye mwenyewe alilikimbia. Landrova ndiyo ilikuwa maisha yake yaliyobaki.

Mama Zita, kwa jina la ubatizo Melania, alikuwa mjane mwenye Landrova ya aina ileile. Marehemu Alfonce alimwachia, nayo ilimpeleka na maharage yake hadi Biharamulo na kumrudisha na dagaa na chumvi. Xavery alimkuta uani anapukuchua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umekuja kuniibia nini?"

"Leo nimekuja kukuokoa, mama yangu." Xavery akachuchumaa bila kukaribishwa. "Kamati ya magari ya vita iko njiani. Kila gari linaloweza kubeba mzigo linakwenda mbele kupeleka risasi. Biharamulo kuna mtu gari lake limechukuliwa na mahindi yake ndani."

Mama Zita akaacha kupukuchua. Hilo nalo lilikuwa limemnyima usingizi tangu tangazo la redio. Zita alikuwa shule ya bweni kwa nguvu ya gari lile, na Landrova ikienda vitani hakuna ajuaye itarudi na matairi mangapi.

"Nitawaambia mimi ni mjane," akasema.

"Mama, machozi hayakatazi gari kwenda vitani. Springi mbovu zinakataza." Xavery akaingiza mkono chini ya gari, akazipapasa zile pleti taratibu. Zilikuwa zimejikunja vizuri, zimepakwa oili, hazina ufa wala kutu. Alfonce alikuwa mtu wa kutunza vitu, Mungu amrehemu, alikuwa akimtunzia Xavery. "Hizi ni nzima mno. Zitakuponza. Mimi nitakuazima zangu zilizolala. Gari litakaa mkia chini, taa zitatazama angani, likipita shimo litagonga mpaka meno yaume. Kamati wakiliona watakupa pole. Wakiondoka, nakurudishia zako."

"Na wewe unapata nini?"

"Baraka zako. Na petroli iliyomo kwenye tangi." Xavery akashusha sauti kama padre kwenye maungamo. "Gari lenye petroli linajiombea safari lenyewe. Bora tuinyonye yote."

Mama Zita akarudia kupukuchua. Kisha akasema kamati inafika Jumatatu, ameambiwa na balozi wa nyumba kumi, kwa hiyo Xavery abadilishe springi Jumamosi na petroli aje aichukue Jumapili baada ya misa. "Uje na gari lako uninyonyee hapahapa. Sina kopo la kuibebea, na njiani watu wana macho."

Xavery aliondoka akitembea kama bwana harusi. Jumatatu! Jumapili kuanzia saa nane mchana magari ya watu binafsi yalikuwa marufuku barabarani kwa amri ya serikali, lakini saa nane yeye angekuwa ameshapita Lusahunga, uso umeelekea Kahama. Mjane akija kudai springi zake, atadai kwa kuku.

Jumamosi alifanya kazi ambayo hajapata kuifanya maishani, yaani kazi. Alipiga jeki, akamwagia bolti oili chafu, akazigonga, akazitukana kwa Kihangaza, zikalegea. Jioni gari la Mama Zita lilikaa kitako kama mbwa aliyeshiba, na taa zake zikawa zinamulika vilele vya migomba. La kwake likashuka kwenye mawe, likasimama wima. Xavery akalizunguka, akalibonyeza nyuma kwa makalio, likashuka kidogo na kupanda na kutulia. Nusura alie, na sisemi kwa kumcheka.

Jumapili misa ilipokwisha, aliwasha gari kwa lita moja ya petroli aliyoiomba, akaingia uani kwa Mama Zita akipiga honi.

Uani palikuwa na mkeka, sufuria la ndizi na maharage, na wanajeshi wanne wanakula. Kati yao alikuwa koplo mnene aliyeitwa Ndassa, na mkononi alikuwa na chaki ya kuandikia magari yaliyochukuliwa.

"Karibu, fundi," Mama Zita akasema. "Wageni wamewahi kidogo."

Xavery alitaka kurudi kinyumenyume, lakini lita moja ile iliona imefika mwisho wa ahadi yake. Injini ikazima.

Ndassa alikuwa ameshalikagua gari la mjane. Alilipiga teke la upole kwenye tairi. "Hili halifiki hata Kyaka. Springi zimekufa. Pole, mama." Halafu akageuka, akainama chini ya Landrova ya Xavery, akakaa huko muda wa kutosha mtu kukiri dhambi zake zote.

"Hizi ndizo springi," sauti ikatoka chini ya gari.

"Afande, zinaonekana tu," Xavery akasema haraka. "Ndani zimechoka. Chuma kikizeeka hakisemi."

"Pandeni," Ndassa akawaambia wenzake. Wakapanda, na yeye akapanda na unene wake wote. Gari likashuka vidole viwili na kukaa imara. Koplo akacheka kwa furaha. "Umezipata wapi?"

Hapa ndipo ulimi wa Xavery, uliowahi kumuuzia mtu baiskeli yake mwenyewe, ulipokauka. Aseme ni za Mama Zita? Basi aseme pia kwamba alizitoa wakati wa vita ili gari zima lionekane bovu mbele ya jeshi. Alimtazama mjane. Mjane alikuwa anaongeza ndizi kwenye sahani. Alizitazama bunduki zilizoegemezwa ukutani.

"Nilirithi," akasema.

"Mungu amrehemu aliyekuachia." Ndassa akachora alama kubwa mlangoni kwa chaki. "Na wewe ni fundi, tumeambiwa. Vizuri. Gari haliendi bila dereva."

Mama Zita ndiye aliyeleta petroli, ndoo nzima, ambayo siku mbili nyuma hakuwa na kopo la kuibebea. Akaimimina mwenyewe kwenye tangi la Xavery mpaka tone la mwisho, halafu akaja dirishani. Wanajeshi walikuwa wananawa mikono.

"Mama," Xavery akanong'ona, "ulijua."

"Gari lako limekaa juu ya mawe miaka minne, nani hapa Nyamiaga hajui linakosa nini? Kamati walitaka Landrova moja nzima kutoka kata hii. Moja tu, Xavery. Nilikuwa nayo mimi, na nina mtoto wa kusomesha." Akamwekea karanga za kukaanga mapajani. "Springi za Alfonce zinaniuma, usidhani haziniumi. Hizo zako Tomasi atazikunja na kuongeza pleti moja, nitabeba kidogokidogo. Zitunze. Usizidishe mzigo, na kila Jumamosi uzipake oili."

Ndassa akapanda mbele, akafunga mlango, akagonga dashibodi kwa kiganja. Xavery akatia gia. Mbele ya kanisa watu waliokuwa wamesimama baada ya misa wakampigia makofi, wanawake wakapiga vigelegele, maana hakuna aliyewahi kumdhania kuwa na moyo wa kujitolea. Alinyanyua mkono kuwapungia, angefanya nini tena. Pale kwenye mtaro mkubwa wa njia ya Biharamulo, ambapo magari yote hugonga, Landrova ilipita kimya, na koplo akasinzia.