Kibali cha Kusema Sijui

Tangazo lilisomwa mara tatu redioni na mara moja kwa kipaza sauti kutoka juu ya gari, ili asipatikane baba wa kusingizia kwamba alikuwa bafuni. Kuanzia Jumamosi ile, akina baba wote wangeruhusiwa kusema ukweli. Wangeusema kati ya saa nane na saa tisa na nusu mchana, wakiwa wameketi, kwa kibali. Idara ya Uanaume Sanifu iliwatakia wananchi ukweli mwema.

Aliyeliandika tangazo hilo, akaligonga muhuri na kulipeleka redioni kwa miguu yake mwenyewe, alikuwa afisa mmoja ambaye ofisi nzima ilimwita Muhuri. Jina halikumuudhi. Wapo walioitwa mabaya zaidi, na kazi hawana.

Mambo yalianzia gereji. Idara ilipata fununu kwamba kila Jumamosi akina baba kama kumi hivi hukusanyika nyuma ya gereji moja, kuzunguka gari lililofunguliwa boneti, wakazungumza juu ya kuwa baba. Hawakuwa na ajenda. Hawakuwa na mwenyekiti. Walizungumza tu, kama kuku. Muhuri akatumwa kuchunguza.

Akawakuta wameegemea lile gari kwa viwiko, vichwa vyote ndani ya boneti. Mmoja, Baba Mapacha, muuza magodoro mwenye kifua kama bidhaa zake, alikuwa anasema, "Jana nimejifungia chooni nusu saa nzima. Haja sina. Nilitaka tu kukaa mahali hakuna anayeniita baba."

"Mimi huenda stoo," akajibu mwingine, akiliambia boneti.

Muhuri akachungulia. Ndani ya boneti mlikuwa na nyaya zinazoning'inia na shimo.

"Injini iko wapi?"

"Iliuzwa miaka sita iliyopita," akasema fundi mwenye gereji, mtu mfupi, mikono myeusi hadi kwenye viwiko.

"Sasa mnatazama nini?"

"Bosi, ushawahi kumwambia mwanamume mwenzio kwamba unaogopa, huku mnatazamana machoni?"

Muhuri akapekua kumbukumbu zake zote, hadi za shule ya msingi. "Hapana."

"Basi hiyo ndiyo kazi ya boneti."

Muhuri akaandika katika ripoti yake: *Injini: haipo. Mazungumzo: yapo.*

Mkurugenzi Mkuu aliisoma ripoti ile kwa furaha kubwa. Jambo likifanywa na wananchi wenyewe, bila gharama, na likafanikiwa, ni wazi kwamba linahitaji idara. Yeye ndiye mtunzi wa *Mwongozo wa Uanaume Sanifu*, kurasa mia tatu na kumi, kitabu kinachoeleza jinsi mwanamume anavyopaswa kusimama, kukohoa na kutojua bei ya nguo za watoto. Kwa wiki mbili akajifungia na kutoka na kanuni. Ukweli ukagawanywa katika madaraja matatu. Daraja la kwanza, *nimechoka*, lingeidhinishwa na afisa yeyote. La pili, *naogopa*, lilihitaji sahihi mbili. La tatu lilikuwa *sijui*, na hilo hakuna wa kuliidhinisha isipokuwa Mkurugenzi mwenyewe.

Kisha kikaja Kifungu cha Kumi na Nne: atakayesema ukweli wa daraja la tatu bila kibali, *awe nani awaye*, atahudhuria Jumamosi sita mfululizo, akae kwenye kiti cha chini kuliko vyote. Yale maneno "awe nani awaye" Mkurugenzi aliyaongeza kwa mkono wake. Aliyapenda yalivyosikika.

Sasa, Muhuri naye alikuwa baba, ingawa alikuwa hajaomba kibali.

Mkewe alikuwa ameenda kwenye mafunzo ya kazi, mwezi mzima, akamwachia nyumba, jiko, na binti wa miaka saba mwenye nywele nyingi kama msitu wa akiba. Zile alizosukwa na mama zikadumu wiki mbili. Zikafumuka. Muhuri akachukua kitana, akapambana nazo kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na alipomaliza binti akajitazama kwenye kioo kwa muda mrefu sana.

"Baba," akauliza kwa upole, "hii inaitwaje?"

Tangu siku hiyo binti alikwenda shule na kofia ya sufu, jua la kupasua mawe. Siku nne. Na Jumatatu ilikuwa siku ya picha ya darasa.

"Nitapigwa picha na kofia kichwani," akasema.

"Watoto watakucheka."

"Bila kofia watacheka zaidi."

Lilimchoma Muhuri hilo. Lakini yeye ni mtu wa taratibu. Akajaza fomu nakala tatu, moja ya mwombaji, moja ya Idara, moja ya mke: *Naomba kibali cha kusema: sijui kusuka.* Akaigonga muhuri na kuipeleka ghorofa ya juu. Ikarudi siku ya pili na wino mwekundu: *Imekataliwa. Mwanamume sanifu hasuki. Asichopaswa kukijua hawezi kuwa hakijui.*

Muhuri aliisoma mara nne. Kimantiki, haikuwa na ufa.

Jumamosi ya uzinduzi ikafika. Idara ilikuwa imeliboresha eneo. Gari likasukumwa pembeni, kwa kuwa ni bovu. Mahali pake pakawekwa viti kumi, vitano vikitazamana na vitano. Akina baba wakaketi, wamevishwa vitambulisho vya namba shingoni, magoti yakigusana. Muhuri alikuja na binti yake, maana nyumbani hakuna wa kumwachia, akamkalisha kwenye tairi kuukuu kando ya gari, kofia kichwani.

Mkurugenzi akashuka kwenye gari lake, suti imenyooka kama rula. Akahutubia. Akakata utepe.

"Sasa," akasema, "zungumzeni kwa uwazi."

Mtu akakohoa, kwa mujibu wa ukurasa wa arobaini. Kila mmoja akawa anatazama kiatu cha mwenzake.

"Wewe, namba nne!"

Baba Mapacha akasimama na fomu yake. "Mimi, mwombaji namba nne, nimechoka. Daraja la kwanza. Ahsanteni." Akaketi.

"Safi sana," akasema Mkurugenzi. "Endeleeni kufunguka."

Wakaendelea kufunga. Dakika kumi. Ishirini. Muhuri, aliyekuwa akichukua kumbukumbu, aliandika *utulivu wa hali ya juu*, kisha akageuka kumtazama binti yake. Alikuwa ameingiza kidole chini ya kofia, anajikuna, jasho linamtiririka shavuni, wala halalamiki. Kutolalamika kule ndiko kulikomshinda baba. Akaweka kalamu chini. Akaliendea lile gari bovu, akafungua boneti na kuingiza kichwa.

Fundi akamfuata, akaegemea upande wa pili. Hakumtazama.

"Kuna nini, bosi?"

"Nina kibali kilichokataliwa."

"Mficha uchi hazai. Na wewe umeshazaa, sasa unaficha nini?"

Muhuri akalitazama shimo la injini. "Sijui kusuka," akaliambia. "Jumatatu ni picha. Mtoto wangu anaiva ndani ya kofia, na mimi sijui."

Hakuna aliyecheka. Viti vikakwaruza sakafu, na mmoja mmoja akina baba wakasogea, vitambulisho vikining'inia, mpaka boneti likajaa vichwa kama zamani.

"Si wewe tu," akasema Baba Mapacha. "Wangu nilimpeleka shule nimemfunga soksi kichwani. Walidhani ameumia."

"Mimi nina mabinti wanne, na mama yao anaingia zamu ya alfajiri," akasema fundi. Akavuta nyaya tatu kutoka ndani ya boneti, nyekundu, nyeusi na ya kijani. "Tazama. Nyekundu inapita juu ya nyeusi. Kijani inapita juu ya nyekundu. Haya, fanya."

Muhuri akafanya. Likatoka fundo ambalo lingeweza kufungia mbuzi.

"Nini kinaendelea hapo?" Mkurugenzi alikuwa amebaki na viti kumi vitupu. Akaja mbio, akapenya katikati ya mabega. "Mwanamume anasuka? Muhuri! Ukurasa wa mia na tis..."

Macho yake yalikuwa kwenye zile nyaya. Muhuri, kwa hofu, akaendelea kusuka, nyekundu chini ya kijani, na Mkurugenzi akaanza kuhangaika kama mtu anayetazama wali ukiungua.

"Siyo hivyo!" akafoka. "Unavuta kabla hujashika! Unaanza kulegea hapa, huko mbele itashika nini? Leta!"

Akazipokonya. Vidole vyake vikaruka. Kufumba na kufumbua, nyaya zikawa msuko ulionyooka, laini, wa kutia wivu. Akatazama alichokifanya kama mtu aliyeshikwa na mali ya wizi.

Akabaki ameinamia boneti. Hakuna aliyemtazama machoni, na hilo ndilo lililommaliza.

"Nina wadogo zangu watatu wa kike," akaliambia shimo. "Mama alikuwa anatoka mapema. Niliwasuka mimi hadi nilipomaliza shule. Mtaa mzima walikuwa wanakuja kwangu." Akaupapasa ule msuko wa nyaya. "Binti yangu ana miaka ishirini na tisa. Sijawahi kumgusa kichwa. Alipozaliwa nilikuwa nimeshapata cheo. Sasa akipiga simu ananiita Mheshimiwa, na mimi... mimi sijui nimwambie nini."

Mabega ya pande zote mbili yakamsogelea.

Kisha fundi akakohoa. "Hiyo ni daraja la tatu, au nakosea?"

"La tatu," akasema Baba Mapacha. "Kibali anacho?"

Wote wakamgeukia Muhuri. Huyu alikuwa bosi wake. Lakini yeye ni mtu wa taratibu.

"Mheshimiwa," akasema, "kuna Kifungu cha Kumi na Nne."

"Mimi ndiye niliyekiandika!"

"Ndiyo, mzee. Na 'awe nani awaye' ni kwa mwandiko wako."

Akagonga muhuri. Kiti cha chini kuliko vyote, baada ya vipimo, kilikuwa kopo la oili. Mkurugenzi Mkuu akalikalia, na kwa vile alikuwa hapo tayari, kwa kimo kinachofaa, akamwita mtoto.

"Vua kofia, mwanangu. Baba yako atasuka upande wa kushoto. Mimi kulia. Anifuatilize mkono."

Iliwachukua hadi saa kumi na moja. Upande wa kulia ukatoka kama mistari ya daftari. Wa kushoto ukatoka kama njia ya mlevi, lakini ilikuwa njia, na ilifika. Binti akajitazama kwenye kioo cha pembeni cha gari, akageuza kichwa huku, akageuza kule.

"Upande wa serikali ni mzuri," akaamua, "ila umevuta sana. Wa baba umepinda, lakini hauumi."

Jumatatu alisimama kwa mpiga picha akiwa amegeuza shavu la kushoto.

Mkurugenzi alianza kutumikia Jumamosi zake. Ya kwanza na ya pili alikaa kwenye kopo, akanyoosha mkono kuomba kusema, na fundi akamwambia, "Subiri, mzee, kuna watu mbele yako." Ya tatu, mwanamke mmoja mrefu akaingia gereji, nywele zimefumuliwa zote, kitana mkononi. Akatazama suti ya Mkurugenzi, iliyokuwa na alama ya mviringo wa oili mahali pa kukalia.

"Nimeambiwa hapa kuna msusi," akasema.

Mkurugenzi akainuka kwenye kopo. Binti yake akalikalia. Vichwa vyote vikazama ndani ya boneti kwa heshima. Ikapita kama dakika tano.

"Unavuta, Mheshimiwa."

Mkono ukasita hewani.

"Sijui kusuka bila kuvuta," akasema Mkurugenzi kwa sauti ndogo.

Kutoka kwenye tairi kuukuu, mtoto wa miaka saba, bila kofia, akapaza sauti: "Muulize baba yangu! Atakufundisha!"

Na Muhuri, kwa mujibu wa taratibu, akamwongezea Jumamosi sita.