Meno Kumi na Matatu

Jumatatu, 23 Septemba

Padri Osbert kaniamuru niandike dhambi yangu kila siku mpaka inione haya. Dhambi yenyewe ni kiburi. Basi naandika: mimi Fulk, bwana wa Wenlow, nina kiburi kuliko bwana yeyote wa upande huu wa mto. Hata padri amekubali.

Leo mafundi wamemaliza meno juu ya ukuta wangu. Kumi na matatu! Meno ya ngome kabisa, yale ambayo mtu anajibanza nyuma yake na kupiga mishale. Jirani yangu Warin anayo kumi na mawili tu. Kweli, Warin alimpigia mfalme goti akapewa kibali cha kuyajenga. Mimi sikuomba. Babu yangu alijenga hapa wakati babu yake mfalme bado anajifunza kupanda farasi.

Mke wangu Hawise kauliza, nani hasa anataka kutushambulia. Swali gumu.

Jumanne, 24 Septemba

Balaa! Mfalme anakuja kuwinda msitu wa hapa. Kesho atapita chini ya ukuta wangu. Mwenye meno bila kibali hunyang'anywa nyumba, na najua atapewa nani. Warin kashaanza kuulizia kama jiko letu linatoa moshi.

Nimewaza. Nimepata! Kila jino livikwe shuka, lionekane kama nguo zimeanikwa. Hawise kasema shuka zake za harusi hazipandi ukutani ng'o.

Nimembembeleza. Zimepanda.

Jumatano, 25 Septemba

Mvua tangu alfajiri.

Mfalme kasimamisha farasi, katazama juu weee. Kauliza, "Bwana Fulk, kwenu nguo zinaanikwa kwenye mvua?" Nikasema ndiyo, mtukufu, zinalainika. Warin alikuwa pembeni yake. Akakohoa.

Upepo nao! Shuka moja iling'oka ikaruka kama bata bukini, ikamfunika Warin na farasi wake. (Hilo lilinifurahisha sana. Nalo ni dhambi, nimeliandika.) Mfalme akalitazama jino lililobaki uchi. "Nyumba yako inataka kuning'ata?"

Hukumu: Ijumaa niende kambini kwake pekupeku, na shati tu, nikapige magoti mbele ya watu wote. Na meno yawe chini ifikapo Jumapili, Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli. La sivyo, nyumba kwa Warin.

Nimeapa siendi. Hawise kasema sawa, nikahamie msituni, yeye atabaki na nyumba.

Ijumaa, 27 Septemba

Nimekwenda. Matope mpaka magotini. Kiburi chote nimekiacha njiani. Na nasema kweli, hakuna mtu aliyewahi kunyenyekea vizuri kama mimi! Magoti yote mawili kwa mpigo, mgongo umenyooka. Bibi mmoja alilia. Warin alipoomba kibali chake alipiga goti moja tu, tena juu ya mto laini. Nimemkumbusha. Kanijibu, "Funga shati, Fulk, utapata mafua."

Mfalme kanisamehe. Alikuwa anakula samaki, hakusimama. Lakini aliacha kutafuna.

Jumapili, 29 Septemba

Meno yameshuka. Ukuta umebaki kibogoyo. Hawise kanishika mkono, kasema nyumba yetu imebaki yetu, inatosha. Nikalia kidogo. Padri Osbert kasema kiburi kimekwisha, naweza kuacha kuandika. Kwa unyenyekevu mkubwa, nimekubaliana naye.

Ila mawe yamelala tu uani. Mawe mazuri. Na njiwa wetu hawana pa kulala. Nimemwita fundi: kesho tunaanza nyumba ya njiwa. Ndogo tu. Ya mviringo. Ndefu kuliko ya Warin. Mfalme alitaja ukuta, njiwa hakuwataja kabisa. Na njiwa wana maadui. Mwewe, kwa mfano. Lazima walindwe.

Meno kumi na manne.

Hawise yuko chumbani. Namsikia anafungia shuka sandukuni.