Mheshimiwa na Mishale Miwili

Jumatatu, 3 Machi
Shangazi amesafiri kumtazama binti yake aliyejifungua. Kaniachia kinyonga wake, Mheshimiwa. Kizimba cha wavu, mimea ndani, taa kwenye pembe ya juu, na kipimo cha duara chenye mishale miwili, mwekundu na wa buluu. Mmoja wa joto, mwingine wa unyevu. Shangazi alieleza upi ni upi. Nilikuwa naitikia kwa kichwa huku macho yangu yakipima chumba chake cha mbele. Chumba kile! Dirisha barabarani, ukuta mzima wa kutundika kioo! Mimi ni kinyozi nisiye na kiti, natembea na mashine mfukoni. Shangazi kasema mnyama akikaa salama, chumba kitapata mtu. Binamu yangu, yule tunayemwita Mjuaji, naye anakitaka, auzie humo vifuniko vya simu. Alijitolea kulea. Nimechaguliwa mimi. Mjuaji kaondoka bila kumaliza chai. Safi sana!

Jumanne, 4 Machi
Mshale mwekundu uko chini! Nyekundu ni moto, hilo halihitaji shule. Maskini anaganda. Nimeongeza taa ya pili na kufunika kizimba kwa blangeti. Mshale mwekundu ukashuka zaidi. Ajabu. Nikaongeza taa ya tatu. Ukashuka tena! Wa buluu, yaani wa maji, umepanda hadi juu, na sijamwaga hata tone. Maji yanatoka wapi? Labda anatokwa jasho.
Mke wangu, fundi cherehani, akanusa hewa. "Baba watoto, huyo anachemka!" Nikamweleza kwamba kinyonga kufungua kinywa vile ni kupiga miayo. Kazima taa mbili. Blangeti limetoboka kwa kuungua. Nimelikunja, tobo ndani, kulinda amani ya nyumba.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata! Joto lililo ndani ya maji: mvuke! Nimekizungushia kizimba nailoni, nikaweka birika linalochemka chini yake. Mshale mwekundu ukaruka juu kama umechomwa sindano. Nilicheza sebuleni peke yangu. Siku nzima nimekuwa nachemsha tu. Mjuaji akapita, eti kusalimia. Kasema kizimba kinanuka ukungu kama kanzu iliyoanikwa chumbani. Nimemwambia akanuse kwao.

Alhamisi, 6 Machi
Mheshimiwa amekuwa mweusi. Ana mapovu puani. Jicho moja limefumba, lingine linanitazama mimi. Sikupenda lile jicho. Nilisahau chumba kwa muda, nikamwomba asife.
Tumempeleka kwa daktari wa mifugo. Kampa dawa ya matone, kisha akauliza huwa namwacha akauke saa ngapi. Nikamwambia huyu si nguo. Kasema majani yaloweshwe asubuhi na jioni, katikati yakauke, hewa ipite, na joto liwe pembe moja tu ili achague mwenyewe. Nimechanganyikiwa. Nimloweshe au nimkaushe? Nimpashe au nimpoze? Wasomi hawana msimamo. Mke wangu alikuwa anaitikia kwa kichwa kana kwamba ameelewa.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu amehamishia kizimba karibu na cherehani yake. Kararua nailoni, kabakiza taa moja, ananyunyiza majani kwa ile chupa ya kulowesha nguo wakati wa kupiga pasi. Mapovu yamekwisha. Mheshimiwa ni kijani, analamba matone kwenye majani. Mke wangu anadai mshale mwekundu ni wa maji na wa buluu ni wa joto. Nimecheka hadi nikakaa chini. Nani apake maji rangi nyekundu? Ni wazi mvuke wangu ulichelewa kufanya kazi.

Jumapili, 9 Machi
Shangazi karudi. Mheshimiwa alimpanda mke wangu mkononi, begani, hadi juu ya kilemba. Shangazi akaniomba nimwonyeshe mshale wa joto. Nikaonyesha mara moja, bila kusita. Shangazi akamgeukia mke wangu, naye akaonyesha wa buluu. Mjuaji alicheka hadi akapaliwa.
Chumba cha mbele kapewa mke wangu na cherehani yake. Mjuaji aliacha kucheka. Nimeuliza kama kuna kona ya kiti kimoja. Mke wangu kasema atafikiria, na kwamba nywele na vitambaa havikai pamoja.

Jumatatu, 10 Machi
Kipaji hakizuiliki. Jirani yetu ana kuku anayeatamia, na leo nimemchunguza. Hana nidhamu! Anainuka akale, anaacha mayai yakipigwa na upepo. Jirani yuko kazini, nikaona nimsaidie. Kuku nimemfungia nje. Mayai nimeyapanga vizuri kwenye sufuria, maji kidogo kwa ajili ya unyevu, moto mdogo, kifuniko juu. Yameanza kugongana ndani. Vifaranga hao!
Kuku anapiga kelele mlangoni. Wivu wa kazi tu.