Mopuru wa Mwisho Nyuma ya Jiwe

Sogeeni, enyi mliochoshwa na habari za wafalme waliovunja ngome, nanyi mnaodhani ushujaa umekwisha duniani; fungeni vinywa niwasimulie vita vya mtaa wa Nerima, vilivyopiganwa juu ya karatasi moja, na jemadari aliyevaa soksi zisizofanana.

Ndiye Hidaka Shunpei, Simba wa Mawe, Bwana wa Moshi na Vumbi. Miaka tisa katika chumba cha mchora katuni Kuramochi hakuruhusiwa kuchora uso wa mtu: alichora mawe, alichora moshi, na wino ulipodondoka pasipotakiwa, alifuta kwa rangi nyeupe. Katika kisa chao kirefu cha vita vya nyota, kilichosomwa nchi nzima, kitu kimoja tu kilitoka kichwani mwake: Wamopuru, viumbe wa sayari ya mbali, kichwa biringani, magoti matatu, waliotokea kurasa mbili wakakimbia. Hakuna msomaji aliyewakumbuka. Hidaka aliwapenda kama baba apendavyo wanawe wajinga.

Asubuhi ya vita hivyo Kuramochi, ambaye wasaidizi wake walimwita Mwalimu, akatamka, tonge la wali shavuni: "Sayari ya Wamopuru tunailipua leo. Wafe wote. Mhariri anakuja saa sita kuchukua kurasa."

Hidaka akainuka, goti likalia kama ngoma ya vita. "Mwalimu! Taifa zima? Miaka tisa sijakuomba kitu. Naomba mmoja abaki!"

"Abaki afanye nini?"

"Aishi tu, Mwalimu."

Dada Tomoe, mkuu wa wasaidizi, akacheka hadi rula ikamponyoka. "We Hidaka, wenzio wanaomba likizo, wewe unaliombea biringani uhai! Chora moshi, bwana."

Akachora moshi. Na nyuma ya jiwe, pembeni kabisa, shujaa akaishika kalamu yake nyembamba, mkuki usiojua damu, akabana pumzi, akamzaa Mopuru mmoja, ukubwa wa punje ya mchele, magoti yote matatu yamekunjwa kwa hofu.

Saa sita kasorobo Mwalimu akauinamia ukurasa. "Hiki nini? Kinyesi cha nzi? Hidaka, futa."

Zamani mashujaa walisema *hapana* mbele ya wafalme. Huyu wetu akasema, "Ndiyo, Mwalimu." Akachovya brashi, akainama kwa heshima zote, akapaka nyeupe juu ya karatasi nyeupe, upana wa kidole kando ya punje yake, akapuliza ikauka.

Tomoe alikuwa nyuma yake.

"Umefuta?"

"Nimefuta, dada."

"Umefuta hewa, mshenzi we," akanong'ona. Kengele ya mlango ikalia. Akaunyakua ukurasa, akautia katika bahasha mwenyewe. "Na magoti umeyakosea. La kati liko juu mno."

Wiki ya pili Hidaka alisimama kwenye kibanda cha magazeti stesheni, jarida lenye kisa chao mkononi, pua ikigusa karatasi.

"Baba, unanunua au unasoma bure?" akauliza mama muuzaji.

"Yuko hai!"

"Nani?"

Akamwonyesha. Mama akakwangua kwa ukucha. "Huo si uchafu wa mashine?"

Basi chongeni mnara, enyi mafundi, na uwe mdogo: siku ile Wamopuru waliteketea kwa mamilioni, mmoja akasalia, ukucha ukapita juu yake naye hakutoka. Mkombozi wa taifa akanunua jarida, akajipangusa macho kwa mkono wa shati, akarudi kazini kuchora mawe.