Hotuba ya Uzinduzi wa Nyambizi ya Beseni

Mheshimiwa dada yangu, fundi cherehani mkuu na mmiliki wa nyumba hii, mheshimiwa shemeji uliyekalia ndoo, mama mzazi, wapwa zangu watukufu, mpangaji wa chumba cha mbele ambaye hakualikwa lakini kaja, mabibi na mabwana: anayesimama mbele yenu ndiye mtu ambaye bila yeye maji ya mtaa huu yasingejua pa kuelekea. (Makofi ya mpwa mmoja.)

Kama mnavyofahamu, wiki tatu zilizopita niliwaahidi nyambizi, yaani chombo kinachozama kwa hiari yake na kuibuka kwa hiari yangu, na kwa msingi huo dada akaniazima stoo iwe makao makuu ya projekti. Tekinolojia yenyewe ni ya hali ya juu: chupa ya shampuu, matundu matatu ubavuni, nati nne za baiskeli za kutia uzito, na mpira mwembamba wa kupitisha hewa. Ukivuta hewa kwa mdomo, maji yanaingia, chombo kinazama. Ukipuliza, maji yanatoka, kinapanda. Wataalamu wa kimataifa wameniandikia wakiomba siri hiyo, nikawaambia wapange foleni. (Kicheko. Shemeji: "Barua hizo alizileta nani, njiwa?")

Swali hilo, shemeji, litajibiwa kwa maandishi. Fizibiliti, yaani upembuzi yakinifu, imekamilika kwa asilimia mia moja na kumi, na menejimenti, ambayo ni mimi, imefanya vikao kumi na tisa humo stoo, mahudhurio yakiwa mazuri isipokuwa Jumanne moja ambapo menejimenti ilipitiwa na usingizi.

(Dada: "Kaka, cherehani yangu inakaa juu ya kitanda. Tulikubaliana hivi: leo nyambizi ndani ya beseni, au godoro lako nje ya stoo.")

Ahsante kwa mchango huo mzito. Nyambizi imo ndani ya beseni hili, chini ya povu, katika operesheni. Hamuioni kwa sababu inafanya kazi; nyambizi inayoonekana ni mashua tu. (Mama: "Hapo kasema kweli.")

(Dada anapandisha mikono ya gauni, anazamisha mkono hadi kiwikoni, anapapasa, anatoa soksi.)

Hicho ni kifaa cha... (Mpwa: "Mjomba, soksi yangu hiyo!" Kelele.) Tuheshimiane, jamani! (Dada anaingia stoo. Godoro linatokeza mlangoni.)

Subiri, dada, nahitimisha! Nyambizi hoyee! Stoo hoyee! Nawashukuru nyote kwa kuja kuzindua kitu ambacho, kwa lugha nyepesi, hakijaanza. Nati ninazo. Mpira ninao. Ila chupa bado ina shampuu yake mpaka juu, kwa sababu kile kifuniko, dada yangu, tangu siku uliyonikabidhi, nimeshindwa kukifungua.